Msanii anasoma komenti mpaka alfajiri: tumlindeje bila kufunga komenti?

Meneja_Temeke:

Wakuu, salaam. Namsimamia mwimbaji wa kike wa Bongo Flava, miaka 24, yuko Dar. Ana Instagram, TikTok na chaneli ya YouTube. Wimbo mpya unatoka Ijumaa ijayo, video tunaizindua usiku ule ule YouTube kwa premia yenye chati ya moja kwa moja.

Wimbo uliopita ulimletea matusi mengi. Mwili wake, mama yake, na madai kwamba kila anachofanya ni kiki. Ndani ya matusi hayo kulikuwa na watu waliosema jambo la maana: kwamba akiimba laivu, sauti inashuka kwenye kibwagizo. Yeye vyote anaviweka kapu moja. Anasoma mwenyewe, kitandani, mpaka alfajiri, na ana akaunti ya pili isiyo na jina lake ya kupitia kurasa za udaku. Wimbo ukitoka chakula hakipiti, na kuingia studio anaahirisha.

Lebo wanasema ajikaze, ndiyo kazi aliyoichagua. Mdogo wake ndiye anayefuta komenti, lakini anafuta kila kisichokuwa sifa, na mashabiki wameshaona.

Naomba msaada kwa mambo manne. Mipangilio ipi hasa tuwashe, maana vichujio naona haviijui Kiswahili chetu. Nani asome, na kwa utaratibu gani. Nitajuaje kwamba limeshavuka uwezo wa meneja na anahitaji mtaalamu. Na kuna mtu mmoja anamwandikia inboksi vitisho, huyo tunamfanyaje.

fundi_wa_kurasa:

Mkuu, anza na simu, mipangilio baadaye. Akaunti za kazi zitoke kwenye simu yake zibaki kwenye simu ya ofisi. YouTube Studio, yaani programu ya kuendeshea chaneli, ikiwa mfukoni mwake, hata akitaka kuona idadi ya watazamaji tu atakutana na komenti mpya, kwa sababu zinakaa ukurasa ule ule wa mbele. Isitoshe, Studio bado inamwonyesha mwenye chaneli hesabu ya dislaiki, ambayo watazamaji walifichwa tangu Novemba 2021. Takwimu mtumie wewe kwa ujumbe mara moja kwa siku, namba tupu.

Mdogo wake asipewe nenosiri. YouTube ina nafasi ya msimamizi wa komenti, unamwongeza kwa akaunti yake mwenyewe. Instagram ikiwa akaunti ya kikazi na imeunganishwa na ukurasa wa Facebook, Meta Business Suite, yaani zana ya Meta ya kusimamia kurasa, inakuruhusu kumpa mtu kazi ya kujibu na kufuta komenti bila kugusa mengine. Misimbo ya akiba ya kuingilia akaunti iandikwe kwenye karatasi, na karatasi aitunze msanii mwenyewe. Ikikaa kwa mtu mwingine, siku mkigombana akaunti inaondoka naye.

Sasa vichujio. Umesema kweli kwamba Kiswahili vinakijua nusu nusu, kwa hiyo orodha lazima muitengeneze nyinyi. Instagram nenda Hidden Words, YouTube ni kwenye mipangilio ya Studio sehemu ya maneno yaliyozuiwa, TikTok ni kichujio cha maneno ndani ya mipangilio ya komenti. Orodha iwe moja, mnaibandika kote.

Wengi wanaharibu hapa: wanaandika shina la neno na kudhani kazi imekwisha. Kichujio kinatafuta neno kama lilivyoandikwa. Ukiweka "kafulia", basi "amefulia", "umefulia", "mmefulia" na "kafuliaaa" zinapita. Kila tusi liandikwe na viambishi vyake vyote vya mtu na wakati, halafu na namna watu wanavyolificha, yaani namba mahali pa herufi, alama ya @ mahali pa a, herufi zilizorudiwa. Tusi moja linaweza kuhitaji mistari 8 hadi 12. Mkishamaliza maneno 30 ya kawaida mtakuwa na mistari zaidi ya 200, na hiyo ndiyo orodha inayofanya kazi. Ongezeni na emoji zinazotumika kumdhihaki mwili, nazo zinazuilika kama maneno.

Upande wa pili, msizuie maneno yenye kazi nyingine. Ukizuia "tumbo" kwa sababu wanamsema tumbo, utaficha "nimecheka mpaka tumbo linauma". Kuua ndiyo mtego mkubwa zaidi. "Umeua", "dada kaua", "umeuaaa" ni sifa, tena sifa kubwa kuliko zote mtaani. Zuieni umbo lenye tishio peke yake: nitakuua, tutakuua, nitakumaliza, utakufa, tunakujua unapokaa. Vivyo hivyo msiguse "hatari", "balaa" na "noma".

Majina ya wasanii ambao mashabiki wao wana vita na timu yenu nayo yaingie kwenye orodha kwa wiki mbili za mwanzo. Komenti nyingi za ugomvi wa timu zinaanza kwa jina la msanii mwingine, na ukizuia jina unapunguza moto bila kumfungia mtu. Baada ya hapo muyatoe, maana siku mkifanya kolabo mtajikuta mnawaficha mashabiki wanaopongeza.

Kwa mtu mmoja mmoja, tumieni Restrict ya Instagram kabla ya kublock. Ukimwekea, komenti yake anaiona yeye peke yake, ujumbe wake unaingia kwenye maombi, hajui kama umesoma, na hapewi taarifa yoyote. Mtu aliyeblokiwa anapiga skrinishoti, anaipeleka kwenye ukurasa wa udaku, inakuwa habari. Mkifika hatua ya kublock, chagueni ile inayozuia pia akaunti mpya atakazofungua.

Siku ya Ijumaa: Instagram ina kizuizi cha muda kinachowapunguza watu wasiomfuata na waliomfuata juzi juzi. Kiwasheni saa 2 kabla ya wimbo kutoka. Mnaweza kukiweka hadi wiki 4, lakini siku 5 zinatosha, maana kikikaa sana mnawazuia wasikilizaji wapya ambao ndio mnawatafuta. Kwenye premia, chati iwe na muda wa kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe, wekeni wasimamizi wawili, na marudio ya chati yazimwe ili asikae kuyasoma kesho yake. Komenti za chini ya video ziwe kwenye kiwango kikali cha kushikilia. Zilizoshikiliwa hukaa hadi siku 60 zikisubiri uamuzi wenu, hakuna haja ya kuzipitia usiku ule.

mhariri_burudani:

Nakubaliana na fundi kwa karibu yote, ila mkuu, kufuta kila kisichokuwa sifa kukome leo. Shabiki aliyeandika "kibwagizo kinazidiwa na biti" akikuta kimefutwa, anarudi na skrinishoti na hasira, na waliokuwa kimya wanamuunga mkono. Hapo komenti moja ya haki imezaa mada nzima ya "hataki kukosolewa". Na msanii mwenyewe anajifunza kwamba kila neno baya ni hatari, kwa sababu anaona ndugu zake wanalikimbiza.

Andikeni kanuni fupi, muibandike kwenye simu ya kazi. Inafutwa: mwili, wazazi, kabila, dini, vitisho, namba ya simu au mahali anapoishi, tuhuma za jinai. Inabaki: sauti, mashairi, biti, video, mavazi kama sehemu ya video, bei ya tiketi, kuchelewa jukwaani. Yenye shaka inafichwa mpaka watu wawili waione. Instagram inaruhusu kubandika komenti 3 juu. Ya tatu iwe ya mtu aliyekosoa kwa adabu. Mkiiweka hapo mnawaonyesha wengine namna ya kukosoa inayokubalika, na wengi watafuata mtindo huo.

Kujibu: hakuna jibu kutoka akaunti ya msanii ndani ya saa 24, liwe zuri liwe baya, isipokuwa shukrani za jumla. Jibu la hasira linaisukuma komenti juu na kuileta mbele ya watu ambao wasingeiona kamwe. Kurasa za udaku zinategemea hilo. Zinatagi, zinachokoza, zinasubiri. Kwenye akaunti ya kazi zuieni kutagiwa na watu msiowafuata.

Kuhusu ile akaunti ya pili. Msimpokonye, atafungua nyingine. Kaa naye, na kwa mkono wake mwenyewe ablock kurasa tano au sita za udaku zinazomuumiza zaidi, kutoka kwenye akaunti hiyo. Isifanyike kutoka akaunti rasmi, kwa sababu mwenye ukurasa akigundua ameblokiwa na msanii, hiyo ni posti yake ya jioni.

Msomaji naye ni binadamu. Anayepitia matusi ya dada yake kutwa nzima anaumia kuliko mgeni. Mdogo wake abaki na kazi ya kupanga posti, komenti apewe mtu asiye wa damu, dakika 30 asubuhi na dakika 30 jioni, na wapokezane wawili wiki hadi wiki. Marufuku ya kwanza kwa hao wote, na kwa familia: hakuna kumtumia skrinishoti, hakuna "umeona huyu alivyosema?" Vichujio vyote vya fundi vinashindwa na binamu mmoja kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Ongea na mama yake kwa heshima, mweleze sababu, yeye ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Meneja_Temeke:

Shukrani sana wakuu, orodha ya maneno tumeshaanza. Swali dogo: yeye anasema asiposoma kabisa anaona giza, anadhani mambo ni mabaya kuliko yalivyo. Je, tumruhusu asome zile nzuri tu?

nasaha_moro:

Ndugu, hilo swali ndilo lenye uzito, niruhusu nilikawilie.

Kusoma nzuri tu hakumtoi kwenye tatizo. Kinachomshika ni kule kufungua na kukagua. Anafungua akiwa hajui atakutana na nini, mara sifa, mara tusi, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha tena baada ya dakika kumi. Ukimchagulia sifa, mkono bado unajifunza kwamba thamani yake iko kwenye skrini, na siku sifa zikipungua atazitafuta mwenyewe. Mpe kitu kingine mahali pa giza hilo: muhtasari wa maandishi, mara moja kwa wiki, mchana, kwenye karatasi. Mistari mitano. Watu wamependa nini hasa, wamekosoa nini kuhusu kazi, jambo gani limerudiwa na watu wengi, tunafanya nini kuhusu hilo, na vitisho vimeshughulikiwaje. Matusi yasinukuliwe. Yatajwe kwa neno moja kwamba yalikuwepo na yamefutwa, ili asihisi anafichwa.

Nyakati za kutogusa simu ni mbili. Saa mbili za mwisho kabla ya kulala, na saa mbili kabla ya jukwaa au studio. Mwili unaposoma tusi unajibu kama umetishwa: moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda kifuani, misuli ya shingo na koo inakaza. Mwimbaji anategemea pumzi ya chini na koo lililolegea. Ukimpa simu dakika kumi kabla ya kupanda, umemshushia sauti wewe mwenyewe, na ile komenti kuhusu kibwagizo inapata ushahidi mpya.

Simu ilale sebuleni, saa ya kengele inunuliwe ya mezani. Akishindwa kulala kwa kama dakika 20, asibaki kitandani akipigana na mawazo. Atoke, akae kwenye taa hafifu, afanye kitu cha mikono, arudi usingizi ukija. Pumzi imsaidie: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 5. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakotuliza mapigo; wengi wanavuta kwa nguvu nyingi, wanapata kizunguzungu, wanaacha. Dawa za usingizi za kununua dukani bila cheti zisiguswe, na pombe vilevile. Pombe inaleta usingizi wa haraka kisha inaukatakata baada ya usiku wa manane, na asubuhi wasiwasi umeongezeka.

Mawazo yenyewe mtengee muda. Dakika 20, saa 10 alasiri, kila siku mahali pamoja, na kalamu. Wazo likimjia saa nyingine anaandika neno moja kwenye kijitabu na kuliahirisha mpaka saa yake. Ikifika, anachora safu tatu. Chukua mfano wa komenti "sauti imekwisha, aache muziki". Safu ya kwanza anaandika maneno hayo yalivyo. Ya pili, anachojiambia yeye: "watu wote wamenichoka". Ya tatu, ushahidi, wa pande zote mbili: wangapi wamesema hivyo kwenye muhtasari wa wiki, watazamaji wanaachia video dakika ya ngapi, mapromota wangapi wamepiga simu mwezi huu, na kweli sauti ilishuka kwenye shoo ipi. Chini yake anaandika sentensi moja anayoweza kuiamini. Si lazima iwe tamu. "Kwenye laivu kibwagizo kinanizidi, na wengi bado wanasikiliza mpaka mwisho" inatosha. Akilazimishwa kuandika "mimi ni bora kuliko wote", moyo unaikataa na zoezi zima linakufa.

Sasa kuhusu lebo na neno lao la ajikaze. Mwaka 2016 Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster waliwauliza watu 2,211 walio kwenye muziki, na asilimia 71 walisema wamewahi kupata wasiwasi mkali au hofu ya ghafla. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kubebwa kuwa ya wanamuziki wote duniani. Inatosha kuwaonyesha lebo kwamba hili linakuja na kazi, kama mgongo unavyokuja na kazi ya kuli, na kazi ina wajibu wa kuligharamia.

Lini mtaalamu? Angalia wiki mbili. Huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku, karibu siku nzima, pamoja na usingizi kuharibika, kula kubadilika, uchovu, kujiona hana maana, kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Kuna dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na limetumika Tanzania na Kenya. Alama zake ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 anastahili kuonwa na mtaalamu. Halithibitishi ugonjwa, linaonyesha tu kwamba uchunguzi unahitajika. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Muulize waziwazi, kwa upole, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu, na mwende hospitali.

Kwa Dar, Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Dodoma kuna Mirembe. Na hospitali za rufaa za mikoa zinapokea wagonjwa hawa. Kwa wasomaji wa Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199 ya msaada wa kisaikolojia. Mkienda kwa mnasihi binafsi, mwulizeni mapema amesomea nini, anatunza siri namna gani, na ripoti anampa nani. Lebo ikilipa, isipewe maelezo ya kikao. Wapewe risiti basi.

Kwa kuwa umesema tayari chakula hakipiti na anaahirisha studio, mimi ningempeleka kabla ya Ijumaa. Kumwona mnasihi si mpaka avunjike.

wakili_pwani:

Nijibu la vitisho, maana hapo watu wanapoteza ushahidi kwa hasira.

Msimblock kwanza. Ukishamblock huenda usiuone tena ukurasa wake. Anzeni kukusanya: kiungo cha akaunti yake, jina la akaunti kama lilivyo kwenye kiungo (jina la kuonyesha linabadilishwa kwa sekunde moja), tarehe na saa ya kila ujumbe. Rekodini skrini mkianzia kwenye ukurasa wake, mkaingia kwenye mazungumzo, mkashuka taratibu mpaka mwisho bila kukata. Skrinishoti zisipunguzwe pembeni wala kuchorwa mishale. Nakala ya mishale iwe nyingine. Ikiwa anatumia ujumbe unaojifuta wa Instagram, kupiga skrinishoti kunamjulisha, kwa hiyo pigeni picha ya skrini kwa simu nyingine. Ujumbe wa asili usifutwe kwenye simu iliyoupokea. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie namna data ilivyotengenezwa na kutunzwa kabla ya kuipa uzito, na hapo ndipo picha iliyokatwakatwa inapoanguka.

Wekeni nakala mahali pawili, mmoja wenu aandike daftari la matukio kwa mpangilio wa tarehe. Kisha mripoti kwenye jukwaa lenyewe, kisha polisi, mpewe namba ya RB (namba ya taarifa yenu kituoni), na muombe jalada lifike kwa wanaoshughulikia makosa ya mtandao. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Kenya, wenzetu wataangalia kifungu cha 27 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018, na wataomba namba ya OB, ambayo ni kama RB yetu. Baada ya hapo ndipo mnamblock.

Kama anatishia kusambaza picha za faragha, msilipe hata shilingi. Akilipwa anaongeza bei. StopNCII ni huduma ya bure kwa mwenye miaka 18 na zaidi: inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yenu, picha yenyewe haitoki, na majukwaa yaliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok yakiwamo, yanatumia alama hiyo kuizuia isipande. Fanyeni kabla picha haijatoka.

Na ninaomba sana: sheria hii isitumiwe kwa aliyesema wimbo haujamkuna. Msanii anayempeleka shabiki polisi kwa ukosoaji anapoteza haki machoni pa watu siku atakapotishiwa kweli.

fundi_wa_kurasa:

Naongezea kwenye hoja ya nasaha: arifa zizimwe kwenye mipangilio ya simu yenyewe, si ndani ya programu peke yake. Ndani ya programu kuna aina nyingi za arifa, ukizima komenti zinakuja kutajwa, ukizima kutajwa zinakuja za laivu.

Na kwa laivu za Instagram na TikTok: wiki ya kwanza asiende laivu peke yake chumbani usiku. Aende mchana, msimamizi akiwa ameshateuliwa kabla ya kuanza, na dakika 20 ziwe mwisho. Matusi ya laivu hayasubiri kuchujwa na mtu, anayasoma huku uso wake unaonekana, na ule mshtuko ndio wanaourekodi.

Meneja_Temeke:

Mbarikiwe wote. Nimeongea na mama yake, ameelewa, na miadi na mnasihi tumepata Jumatano. Limebaki moja: ile komenti ya kibwagizo ni ya kweli, hata mimi nasikia. Nimwambieje bila kumrudisha kule kule?

mhariri_burudani:

Usimwambie wewe, na isiwe wiki hii. Mpe prodyuza au mwalimu wa sauti, mtu mmoja tu ambaye anamheshimu kwa kazi, na aongee akiwa na rekodi, komenti ziwekwe pembeni kabisa. Baada ya wiki ya kwanza ya wimbo kupita, wakae wawili studio, wacheze rekodi ya shoo dakika ile ya kibwagizo peke yake, kisha ya studio, halafu waulizane inashuka kwenye silabi ipi.

Mara nyingi sababu ni za kawaida. Wimbo ulirekodiwa kwenye kii (kimo cha sauti) ya juu kwa sababu studio mtu anarudia mara ishirini; jukwaani anaimba mara moja huku anacheza. Shusheni kii nusu toni au toni nzima kwa toleo la laivu, wasikilizaji wachache sana watagundua. Angalieni pia spika ya kumrudishia sauti jukwaani, asipojisikia anapiga kelele na pumzi inaisha kabla ya mstari. Mistari miwili ya mwanzo wa kibwagizo apewe mwitikiaji, yeye aingie wa tatu akiwa amevuta hewa. Na ngoma ya kucheza isimamishwe baa nne (vipande vinne vya mdundo) kabla ya kibwagizo.

Wafanye mazoezi hayo mara tatu kwa wiki, dakika 40, akiwa amesimama na anatembea kama jukwaani. Rekodi ya kila zoezi ibaki kwa mwalimu, isipandishwe popote.